Baba Alivyounadi Mto

Baba yangu alikuwa dalali wa ng'ombe, na dalali hasemi kasoro ya mali yake mbele ya mnunuzi. Ng'ombe akichechemea, anatembea kwa adabu. Akiwa mzee, amekomaa. Nasema haya mapema ili usije ukamcheka injinia wa watu peke yake.

Injinia alikuja masika, ametumwa na kampuni iliyotaka kujenga mradi mdogo wa umeme wa maji. Nguzo za gridi zilikuwa zimepita kando ya barabara ya Mwanhuzi bila hata kutugeuzia shingo, kwa hiyo kitongoji kizima kilitoka kumpokea. Mto ulikuwa umefurika hadi kwenye miti. Injinia akatupa chungwa majini, akalifuata mbio ukingoni huku akitazama saa, nasi tukakimbia nyuma yake tukishangilia kana kwamba chungwa lina mpinzani. Alisema ndivyo wanavyopima kasi ya maji.

Kisha akauliza kama mto huu hukauka.

Kila aliyekuwepo alijua kwamba kiangazi kikishika tunachimba mchangani kupata maji ya kunywa, na ng'ombe hupita katikati ya mto kama barabarani. Lakini mgeni alikuwa ameulizia mali. Baba akasogea mbele.

"Mto huu? Injinia, mto huu una tabia nzuri. Tangu enzi za babu yangu, hapa hajalala mtu na kiu."

Wazee wakaitikia. Mama alifungua mdomo, shangazi akamkanyaga mguu.

Usimwone baba mwongo tu. Daktari alikuwa amemwambia ana presha ya macho, na kwamba uoni ukishaondoka haurudi. Alitaka jambo moja: taa ya umeme iwake ndani ya nyumba yake naye akiwa bado anaona. Sola tulikuwa nayo, lakini kwake ile ilikuwa tochi yenye cheo. Injinia hajafika mbali, baba akauza fahali wake mweupe, akaleta fundi, akafunga nyaya, swichi na balbu nyumba nzima. Hapo ndipo kero ilipoanza. Ukitoka chumbani bila kubonyeza swichi, baba anakugombeza.

"Umeme ukija ghafla si utawaka bure?"

Basi kila jioni mama alizunguka akizima taa zisizowaka, halafu anawasha sola ili aone pa kupita. Nilimwonea huruma, na nilicheka pia.

Injinia alirudi kiangazi, na chungwa lake mkononi. Chini ya ukingo hapakuwa na kitu ila mchanga na mavi ya ng'ombe. Sijui aliwaza nini, lakini alilitupa. Likatua, likakaa. Ndama akaja, akalinusa, akalila.

"Umeukuta umelala," baba alimwambia.

Akapiga magoti, akachimba kwa mikono mpaka maji yakatokea, safi na ya baridi, akamchotea kwa kata. Injinia akanywa yote, akaiweka kata mchangani. Akasema "wabeja", yaani asante, neno pekee la Kisukuma alilojua, akapanda gari na hakurudi tena. Nilicheka sana, mpaka nilipomwona baba bado yuko magotini, anapapasa mchanga akiitafuta kata iliyokuwa mbele yake.

Sasa haoni kabisa. Mimi naishi Bariadi mjini, na kila nikienda kuwasalimia nakuta swichi bado zinabonyezwa na balbu bado hazijawahi kuwaka. Jumapili moja jioni niliingia chumbani kwake, nikabonyeza kwa mazoea tu. Akainua uso kuelekea darini.

"Ng'wana wane, umeme umefika?"

Niliitazama balbu. Buibui alikuwa ameijengea nyumba. Ningeweza kusema kweli, lakini nilijisikia nikinadi.

"Umefika, baba. Chumba chote cheupe. Na tangu ufike haujakatika hata mara moja."

Akatabasamu, mtu aliyesifia ng'ombe wabovu maisha yake yote.

"Basi zima, mwanangu. Tusije tukaumaliza mto."

Nikazima.