Siku Sita Bila Brashi

Mpaka leo nazisikia: simu kumi na moja zikinguruma ndani ya sanduku la bati. Zilikuwa zimezimwa mlio tu, na kila ujumbe ulipoingia bati lilijibu drrr, drrr, kama nyuki aliyefungiwa kwenye debe. Sisi wenye simu tulikuwa tumekaa kwenye mikeka hapohapo, tukijifanya hatusikii. Mimi nilijua kabisa kuwa ile inayonguruma mfululizo ni yangu. Ni mteja wa Kizota, mtaani kwetu, anaulizia bango lake.

Brashi zetu nazo zilikuwa humohumo. Sharti la kambi ndilo hilo: siku tatu za kwanza hakuna simu wala kazi, siku ya nne anayetaka achukue vyake. Ilikuwa wiki moja ya mapumziko kwa wasanii weusi, kwenye vilima vya upande wa Zuzu, nje ya mji, kula na kulala bure. Tangazo lake nilimsomea shangazi ninayeishi naye, akacheka mpaka akatua sufuria chini.

"Weusi? Kwani sisi hapa Dodoma wengine ni wa rangi gani? Nenda mwanangu, hiyo nafasi umeshaipata kabla hujaomba."

Nilikwenda kwa sababu ya mkono. Mimi nachora mabango: saluni, gereji, mashine za kusaga. Shule niliishia darasa la saba, lakini herufi zangu zimenilisha. Mvua za mwaka huo zilipoanza, mkono wa kulia nao ukaanza kutetemeka. Nikaandika SALUNI, ile S ikatoka kama funza. Daktari aliupindapinda, akasema umechoka, upumzishe; nikizidi kuulazimisha huenda usirudi kuwa kama zamani. Nikamwitikia vizuri sana. Kisha nikatoka pale nikaenda kumalizia geti la mtu.

Sasa kambini nikajikuta sina la kufanya, na kukaa tu hakuna aliyewahi kunifundisha. Kwetu msichana akionekana amekaa mchana anaulizwa anaumwa nini. Asubuhi ya pili, jua halijapanda, nikachukua ufagio nikaanza kufagia uwanja wa jikoni. Mpishi, mama wa Kigogo wa makamo, akanikuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Hakuna, mama. Nimezoea tu."

"Umezoea kufagia palipofagiliwa? Hebu weka huo ufagio. Watasema wageni nawafanyisha kazi."

Nikauweka. Ila nikipita kwenye jiko nikaokota kipande cha mkaa. Nyuma ya jiko kulikuwa na jiwe pana, laini, utadhani limepigwa msasa. Nikachora mstari mmoja, nione mkono umepona kiasi gani. Haukuwa umepona. Kesho yake nikarudi, nikachora mwingine chini yake. Ikawa ndiyo kazi yangu ya kila alfajiri, na mchana kutwa niliuwaza ule mstari.

Wenzangu walikuwa wanapumzika kweli. Mmoja, dada mchoraji aliyetoka ng'ambo, alilala chini ya mgunga siku mbili mfululizo. Kiswahili alikuwa amekisomea, kimenyooka kuliko changu. Nikamhurumia, nikampelekea uji wa uwele.

"Pole, dada. Ni homa?"

"Siumwi." Akaketi, akapokea kikombe. "Kwetu nikiingia dukani, mlinzi ananifuata nyuma. Juzijuzi nimesimama kwenye maonyesho ya picha zangu mwenyewe, mzee mmoja akanikabidhi glasi tupu niipeleke jikoni."

Nikacheka, maana alivyomwigiza yule mzee! Halafu nikaona mwenzangu hacheki.

"Ukaipeleka?"

"Nikaipeleka." Akanywa uji kidogo. "Hapa tangu nishuke hakuna aliyenitazama mara mbili. Sijui nimekaa macho miaka mingapi."

Niliondoka pale nimenywea. Lile neno "weusi" kwenye tangazo, ambalo mimi na shangazi tulilifanyia mzaha, kwake lilikuwa na uzito wote huo. Tena nikajionea aibu: mtu kavuka bahari kuja kulala na amelala, mimi wa hapo Kizota usingizi wenyewe nauwinda kwa mkaa.

Siku ya nne sanduku lilifunguliwa, watu wakakimbilia vifaa vyao kama watoto. Mimi nikasema sina haraka. Uongo. Niliogopa kushika brashi mbele ya watu.

Siku ya tano mpishi alikuja nyuma ya jiko na ndoo ya maji machafu, akanikuta kwenye jiwe langu.

"Nani kachora nyoka huku?"

"Ni mistari, mama."

"Mistari! Mbona inatambaa?"

Akacheka, nami nikacheka naye, na katikati ya kicheko machozi yakanitoka. Nikamwambia yote: mkono, daktari, yale mabango. Hata pole hakunipa. Alinifuta masizi kwa ncha ya kanga yake, akaupima mkono wangu uzito kama anayenunua kuku.

"Huku unakuja mara ngapi?"

"Kila alfajiri."

"Yaani unaulaza, kisha unauamsha kuuliza kama umelala. Ukujibu nini sasa?"

Akamwaga maji yake, akarudi kwenye maharage.

Alfajiri ya siku ya sita miguu yenyewe ilielekea kwenye jiwe. Nikaipitisha hapo kwa nguvu, nikapanda kilima peke yangu, nikinyata kama mwizi. Juu nikafungua kitenge changu kiunoni, nikauweka mkono wa kulia ndani, nikafunga fundo begani na kuukaza kifuani, vile tunavyobeba mtoto. Ulikuwa unatetemeka bado; niliusikia kwenye mbavu kupitia nguo. Sikuuchungulia.

Chini kabisa treni ikapita. Tangu utoto siwezi kuiacha treni ipite hivihivi. Nikaipungia kwa mkono wa kushoto.