Mistari ya Mtama na Trekta la Baba

Nakumbuka asubuhi moja kule kwetu Haneti, mwanangu, mvua ya kwanza imenyesha usiku kucha, udongo unashika miguu, na kila mtu anajua jua likiwaka kidogo tu unyevu utaondoka. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, mkulima akawa huru kumuuzia mazao amtakaye. Baba yangu alikuwa ametoa karibu ng'ombe wote wa zizini akapata trekta dogo lililokwisha kutumika, pamoja na jembe lake la kupalilia. Haukupita muda akaugua, akalazwa mjini Dodoma. Shamba likabaki mikononi mwa mdogo wake, baba mdogo Yona. Trekta likabaki kwangu, maana ni mimi tu niliyejifunza kuliendesha. Nilikuwa binti sijaolewa, na wapo waliogeuza uso wakiniona nimelikalia.

Siku hiyo tulikuwa tunapanda mtama. Nilikuwa nimepima kutoka gurudumu hadi gurudumu, nikakata ufito wa kuonyesha nafasi ya mstari na mstari, ili wakati wa palizi trekta lipite juu ya mistari miwili, kila gurudumu likikanyaga kwenye nafasi bila kugusa mche. Baba mdogo akautazama ule ufito, akautupa pembeni.

“Nafasi yote hii ya nini? Mwaka jana watoto walilala njaa, leo wewe unaniachia ardhi tupu!”

“Baba, tukibana mistari trekta halitapita.”

“Shamba ni la kulisha watu, Tabitha. Si barabara ya trekta.”

Wanawake waliokuja kutusaidia walisimama na mbegu zao mikononi. Mimi nikamwambia mbele yao kwamba hajui anachosema. Mama akanishika mkono akanivuta kando.

“Huyo ni baba yako,” akaninong'oneza. “Ukimwaibisha hivi, hata ukiwa na haki hatakusikia. Huoni kwamba anaogopa njaa?”

Lakini maneno yalikwisha kunitoka. Baba mdogo alichukua kamba na nusu ya watu, akashuka sehemu ya chini, akapanda kwa mistari iliyobanana. Sisi tukapanda ya juu kwa kipimo changu.

Mtama uliota vizuri kote. Magugu nayo yakaota. Palizi ilipofika, sehemu ya juu niliimaliza kabla jua halijawa kali, nikashuka kwenye trekta nikicheka peke yangu. Mama alikuwa ananitazama.

“Unafurahia nini? Na kule chini si kwetu?”

Nikageuka kutazama kule chini. Nikamwona baba mdogo anapanda mteremko kuja kwetu, anahema.

“Lete trekta. Magugu yanaumeza mtama.”

“Baba, magurudumu yatakanyaga mistari.”

“Michache ife, mingine ipone. Twende!”

Nikalipeleka hadi mwanzo wa mistari yake. Miche ilikuwa imefika magotini. Nilipochungulia magurudumu niliona wazi: kila upande gurudumu lingelala juu ya mtama, tangu mwanzo wa shamba hadi mwisho. Hapo hapo mkewe, mama mdogo Dina, akaja mbio, mtoto mgongoni, akasimama katikati ya mtama mbele ya trekta.

“Hupiti juu ya ugali wa wanangu!”

“Dina, toka hapo!”

“Sitoki.”

Baba mdogo akanigeukia, macho mekundu. “Nimesema endesha!”

Injini inanguruma, mguu wangu uko juu ya klachi. Kumkatalia mara ya pili mbele za watu, tena mbele ya mkewe, kungeweza kutuvunja kabisa. Kumtii kungetuua kwa njaa. Nikazima injini. Nikashuka, nikamsogelea mpaka nikawa na hakika kwamba ni yeye tu anayenisikia.

“Baba, nisamehe maneno ya siku ile. Nipe jembe la mkono, tuanze mimi na wewe.”

Akautazama mtama wake uliobanana. Kisha akaketi pale pale chini, akafunika uso.

“Nilidhani nawaongezea chakula,” alisema.

Akainuka, akaenda kuchukua majembe.

Tulipalilia, ukoo mzima, hadi viganja vikatoka malengelenge. Kipande cha mwisho hatukukiwahi. Magugu yalikishinda, tukawaachia mbuzi. Mtama uliobaki ulitufikisha kwenye mvua nyingine, kwa kujinyima. Baba aliporudi kutoka hospitali alitukuta bado tunakula pamoja.

Sasa wewe umeniambia unataka kubana mistari ya alizeti upate zaidi. Sikukatazi kutaka zaidi. Nakuomba ufikirie siku ya palizi kabla hujadondosha mbegu ya kwanza. Pima trekta lako, magurudumu na jembe la nyuma, kisha ndipo upime mistari, na uifuate nafasi ile ile shamba lote. Mwenzako akikosea, mwambie faraghani. Na ikifika mahali pa kuchagua kati ya kukanyaga mazao na kuonekana mkaidi, zima injini, ushuke, ushike jembe uwe wa kwanza kuinama.

Mungu akujalie mvua ya kiasi, akulinde juu ya hilo trekta, na nyumba yako isikose unga wala amani. Haya, nenda mwanangu, udongo bado una maji.