Mwamvita na Pembe ya Msaragambo

Hutaniamini, wala sikulaumu. Hata mke wangu huniamini siku za gulio tu, nikirudi na nyama. Lakini ndivyo ilivyokuwa: mpwa wangu Mwamvita, mkulima wa karoti huku juu ya Soni, aliokoa ziwa zima kwa kupuliza pembe.

Ziwa lenyewe dogo, liko bondeni nyuma ya shamba lake. Kila vuli hutua hapo chamchanga, ndege wa miguu kama fito, wametoka Ulaya kwa mabawa yao. Pasipoti hawana, nauli hawana. Mimi niliyeacha darasa la sita kwa ombi la mwalimu nawajua kwa sauti. Husimama kwenye tope la ukingoni wakichokoa minyoo. Tope likikauka, hawana pa kutua.

Basi jirani yetu Kristian akataka kulikausha, apande kabichi. Kuchimba mfereji wa kutoa maji ni kazi ya kijiji kizima, yaani msaragambo, na msaragambo huitwa kwa pembe. Pembe yetu anayo Mwamvita, kaachiwa na baba yake.

"Dada, nipulizie alfajiri," Kristian akamwambia. "Mashavu yangu mazito."

"Una hakika, kaka?"

"Wewe puliza tu!"

Hapo ndipo alipojimaliza. Kwetu, aliyepuliza pembe ndiye anayeonyesha kazi, na hapingwi. Kristian kazaliwa hapa hapa, ila kabichi zilishamjaa kichwani.

Watu wakafika na majembe. Mwamvita akavipita vigingi vya mfereji kama havioni, akawapeleka kwenye korongo ambako ziwa huvuja.

"Kazi ni hapa. Tuzibe, kisha tupande matete."

"Dada, unanitania!"

"Shika jembe, kaka. Au unagomea msaragambo?"

Akashika. Akachimba kanuna, kina mama wakimwuliza kabichi atazipika na nini. Na kazi ya msaragambo haibomolewi ila kwa msaragambo mwingine. Pembe iko wapi? Kwa Mwamvita.

Vuli hii ndege wamerudi. Nimewaona mwenyewe asubuhi, wamefunika ziwa lote kama ukungu, na mkubwa wao, mrefu kama mimi, akanijia, akainamisha kichwa, akaniambia shikamo—

"Mjomba!" Mwamvita huyu hapa, anasoma begani kwangu. "Walikuwa tisa. Na huyo mkubwa ni bata wa Kristian!"