Uyoga Bila Hodi

Mvua ya jana ilianza baada ya adhuhuri na haikukatika mpaka magharibi. Leo asubuhi nilipofungua dirisha nikaipata ile harufu. Sijui niiite nini: ni udongo, ni majani yaliyooza, ni kitu kama unga mbichi. Mama amesema ni taka za jirani. Mimi nimejua ni uyoga, ingawa hapa Magongo hakuna pa kuota uyoga, labda juu ya malori yanayolala kando ya barabara.

Harufu hiyo ni ya Hawe. Ndivyo tunavyomwita bibi, kwa Kigiriama. Siku hizi hayuko nasi, amerudi Kaloleni kwa mjomba, kwa sababu ngazi za nyumba yetu na magoti yake hayapatani. Alipokuwa akikaa hapa, kila masika alikuwa na siku yake moja ambayo hakuna aliyethubutu kumpangia kazi, nayo ni siku ya tatu baada ya mvua kubwa. Siku ya kwanza udongo unakunywa, alikuwa akisema, ya pili mchwa wanafungua milango, ya tatu twende. Tulishuka kwa miguu mpaka Jomvu Kuu, yeye mbele na kikapu cha ukili, mimi nyuma na bakuli. Lilikuwa bakuli la bati, jeupe, lenye ukingo wa buluu, na rangi yake ilikuwa imebanduka mahali pamoja ikaacha umbo kama sikio.

Tulikokwenda ni kwa Bi Mkubwa mmoja, mwenyeji wa Jomvu tangu mababu zake. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mihogo na minazi michache, na katikati kichuguu kilichonipita kimo. Hawe alilipalilia shamba hilo enzi za ujana wake, mama yangu akiwa mgongoni, na urafiki wao ulianzia hapo, mmoja akiwa na jembe na mwingine na birika la chai.

Uyoga haukuchumwa hivihivi. Kwanza hodi, mara tatu, kwa sauti ya mtu asiyeficha kitu. Halafu salamu, na salamu zenyewe zilikuwa safari. Za wazima, za wagonjwa, za kuku. Mimi nilikaa ukingoni mwa baraza nikihesabu vidole vya miguu yangu, nikiomba nisiulizwe kitu.

"Haya, mmekuja kutafuta miavuli ya vyura," Bi Mkubwa alianza kila mwaka.

"Heri mwavuli kuliko pweza," Hawe alijibu. "Mtu mzima unakula mnyama mwenye mikono minane! Ungemkuta chooni ungepiga kelele."

"Pweza katajwa na watu wa maana."

"Na uyoga umetajwa na watu wenye njaa. Niruhusu nipite."

Ruhusa ikitoka, tulizunguka nyuma. Hawe hakung'oa uyoga. Aliushika shina chini kabisa, akauzungusha kidogo kama anayefungua kifuniko cha chupa, ukatoka na mzizi wake mrefu unaoingia ndani ya kichuguu. Wale wadogo waliofumba kofia hakuwagusa. Aliwaita watoto wa nasari. Bakuli lilijazwa kwanza, kwa ule uliokuwa mkubwa na msafi, nalo likaachwa barazani kwa Bi Mkubwa. Baadaye ndipo kikapu chetu.

"Nitawatupia kuku," Bi Mkubwa alisema.

"Kuku wako wana bahati," Hawe akasema.

Baada ya siku mbili tatu bakuli lilirudi Magongo na jirani wa Bi Mkubwa mwenye tuktuk, na halikurudi tupu hata mara moja. Lilikuja na kaimati, au ndimu, au tende. Nambari za simu hawakupeana. Hawe aliona hakuna haja, na bakuli lipo.

Mwaka nilipokuwa kidato cha pili magoti yake yalivimba. Siku ya tatu ikafika, akaniita kitandani, akanipa kikapu na bakuli.

"Utakwenda peke yako. Hodi unaijua. Wadogo uwaache. Bakuli kwanza."

Nataka niandike ukweli hapa, maana daftari hili halisomwi na mtu. Mimi naogopa kusema mbele ya watu. Darasani najua jibu na nanyamaza, mwalimu akinitaja shingo yangu inawaka. Njia nzima ya Jomvu nilikuwa nikijizoeza: Hodi. Hodi, Bi Mkubwa. Shikamoo, Bi Mkubwa, nimetumwa na Hawe. Pasipo na mtu niliisema vizuri sana.

Nilipofika, mlango ulikuwa umerudishwa. Nikasema hodi mara moja. Alikuwepo jogoo hatua mbili kutoka nilipo na hata hakugeuza kichwa. Ningeweza kuongeza sauti. Badala yake nilizunguka upande, nikapita kwenye pengo la ua wa michongoma, moyo ukinidunda kama mwizi, na bila shaka nilikuwa mwizi.

Uyoga ulikuwa umeota kwa wingi nisiowahi kuuona. Kwa woga nilichuma wote, pamoja na wadogo. Niliung'oa tu, mwingine ukavunjika. Bakuli sikuliacha, kwa sababu kuliacha barazani kungetaka kuonana na mtu. Nikalitia ndani ya kikapu, chini ya uyoga, na nilipofika nyumbani nikalificha kwenye begi la shule.

Hawe alichambua uyoga kwa vidole, kisu hakikuruhusiwa, akaupika kwa nyanya na tui zito. Tukala na sima. Naikumbuka ladha yake mpaka leo, kama nyama iliyoota shambani.

"Bi Mkubwa hajambo?" akauliza.

"Hajambo. Anakusalimu."

"Kasemaje?"

Ningesema hakusema kitu. Lakini uso wake ulikuwa umekaa kusubiri.

"Kasema... kasema juzi wamevua pweza wa mikono tisa. Kasema wa tisa ni wa kukuombea magoti."

Hawe alicheka mpaka akashika meza. Kwa siku tatu alimsimulia kila aliyepita ukumbini habari ya mkono wa tisa. Nami, mwenye shingo ya kuwaka, nilijikuta naongeza: kasema kuku wanakushukuru, kasema ukipona uje na mwavuli wako mwenyewe. Usiku niliandika kwenye daftari kila nilichosema, nisije nikajisahau.

Kisha Hawe akaanza kulingoja bakuli.

Siku ya nne aliuliza kama tuktuk imepita. Siku ya sita alisema labda ni mvua. Wiki ya pili hakuuliza tena, akawa anakaa dirishani akiitazama barabara, na hadithi ya pweza akaiacha.

"Nimemkosea nini?" alimwambia mama siku moja wakimenya viazi, akidhani sisikii. "Miaka yote hii. Pengine amechoka na watu wa hodi kila mwaka. Mtu akikuchoka hakwambii, anakaa tu na bakuli lako."

Bakuli lilikuwa chini ya kitanda changu. Nilikwenda nikalitazama. Nilitaka Hawe akasirike na mimi, si na yeye, lakini kumwambia kulinishinda. Jumamosi nikalichukua nikashuka Jomvu bila kuaga.

Pengo la ua lilikuwa limezibwa kwa mabati mabovu na miiba. Hapakuwa na pa kupitia ila mbele. Nikasimama kwenye baraza, bakuli tupu kifuani.

"Hodi!" Sauti ilinitoka kama ya mtu mwingine, kubwa kuliko nilivyopanga. Jogoo akakimbia. "Hodi! Hodi, Bi Mkubwa!"

"Ni nani huyo?"

"Ni mimi, mjukuu wa Hawe."

Mlango ukafunguliwa na Bi Mkubwa akasimama, mtandio umemwanguka begani, akanitazama mimi, halafu akalitazama bakuli. Akashika mwimo wa mlango.

"Inna lillahi," akasema taratibu. "Ndiyo umekuja kuniarifu."

"Abee?"

"Kafa lini?"

Sikuelewa. Alikaa kwenye kiti cha baraza na kunieleza. Aliamka akakuta kichuguu kimevuliwa nguo, hata wadogo hawakuachwa, mashina yamevunjika. Hawe hawezi kufanya hivyo, alisema, wala hawezi kuingia shambani pangu bila hodi. Basi ni wezi. Na ikiwa masika yamekuja na Hawe hakuja, basi Hawe hayupo.

"Nalisema, yule mwendani wangu ameshatutoka, na jamaa zake hawakunijua wakaniita mazikoni. Mwenye tuktuk nikamkataza asende kuuliza. Naliogopa jibu."

"Yuko hai, Bi Mkubwa. Anaumwa na magoti tu. Mwizi ni mimi."

Nikamwambia yote, na pweza wa mikono tisa pia. Machozi yalinishuka, na nilishangaa kuwa maneno hayakukatika. Bi Mkubwa alinisikiliza akitikisa kichwa.

"Wallahi wewe mtoto!" akasema mwishowe. "Umenizikia mtu mzima. Na uyoga wangu umenilia."

"Si unawatupia kuku?"

Alitazama kushoto na kulia, kwenye baraza ambayo haikuwa na mtu.

"Kuku gani? Mwaka wa kwanza nilionja ili niwe na la kumcheka. Tangu siku hiyo hakuna kuku aliyeupata. Namwaga ndimu na pilipili, nafunga mlango." Akaninyooshea kidole. "Usimwambie. Lete hilo bakuli."

Alilirudisha limejaa kaimati, amelifunika kwa kitambaa. Nilipanda nalo mpaka Magongo nimelikumbatia, shira ikinichuruzika mkononi.

Hawe aliliona kabla hajaniona. Nikamweleza nikiwa nimesimama, kabla woga haujanirudia. Hakunipiga, ila alilifunua bakuli.

"Kwa hiyo mkono wa tisa uliutunga wewe."

"Ndiyo."

"Na nimewachekesha watu Magongo nzima kwa uongo wako." Akachukua kaimati moja, akaila yote. "Ulikuwa uongo mzuri. Lakini yeye alidhani nimekufa."

"Ndiyo, Hawe."

"Nipe leso yangu. Kaite tuktuk."

"Magoti yako..."

"Magoti yangu yatakaa kwenye tuktuk. Mtu hawezi kulala leo akinililia na mimi nakula kaimati zake."

Tulipofika Jomvu nilimshika mkono mpaka kwenye baraza. Akavuta pumzi ya hodi yake, kisha akaifunga midomo na kunitazama mimi. Nikapiga.

Keshokutwa ni siku ya tatu. Nitakwenda peke yangu, kwa sababu Hawe yuko Kaloleni, na kikapu kitamfuata huko Jumapili na basi la asubuhi. Wadogo nitawaacha. Bakuli nitalijaza kwanza, na kuhusu kuku sitasema kitu, sijawahi kusema. Hodi nitaanza kuipiga tangu njiani, kwa nguvu kuliko mwaka jana, maana masikio ya Bi Mkubwa yanazidi kuwa mazito, na hataki kukubali.