Nilinusa Baruti Kwenye Chumba cha Mwezi

Yule mwanamume aliingia bila taarifa, na kabla hajanitajia jina lake, nikanusa baruti.



Ilikuwa Houston, Marekani, kwenye maabara ya mwezi, Novemba 1969. Mawe na vumbi la mwezini vilikuwa mbele yetu, ndani ya masanduku ya kioo. Tulivishika kwa glovu zilizofungwa kwenye vioo hivyo.

Wanaanga walishatuambia vumbi lile linanuka kama bunduki iliyotoka kufyatuliwa. Kwa hiyo ukilinusa, ujue sanduku linavuja. Na kama vumbi lina ugonjwa, hakuna daktari aliyeujua.

Mimi na mwenzangu Opal tulikuwa na ahadi: atakayenusa kwanza, aseme papo hapo. Hata kama tutafungiwa ndani, na nje anasubiriwa na nani.

Opal alikuwa na mtoto mchanga. Mimi nilikuwa na mdogo wangu Leland, anayeondoka Jumamosi kwenda vitani Vietnam. Nilipaswa kumsindikiza.

"Wewe nani?" nikamuuliza mgeni.

"Royce. Hank anaumwa, nimeletwa kushika zamu yake."

"Karibu," Opal akasema. "Usilambe mawe, tumeyahesabu."

"Opal, unasikia harufu ya baruti?"

"Pua yangu imeziba tangu juzi. Halafu baruti ya wapi? Mwezini hakuna hewa, bunduki italiaje?"

"Ingefyatuka tu, dada," Royce akasema. "Baruti hubeba ndani yake kinachoiwasha. Ila mlio usingeusikia."

"Wewe unanusa?" nikamuuliza.

"Sinusi kitu." Alijibu haraka mno.

Ningeweza kunyamaza. Nani angejua? Akilini nikamwona Leland kituo cha basi, anageuza shingo kunitafuta.

Nikabonyeza kitufe chekundu.

Milango ikajifunga. King'ora kikalia. Opal akakaa chini.

"Mwanangu bado ananyonya, Nadine."

"Tuliahidiana."

"Najua tuliahidiana. Niache nilie."

Koo likaanza kuniwasha. Nikakohoa mara moja, wote wakanigeukia. Niliapa moyoni kwamba mwezi umeshaingia kifuani mwangu.

Ndipo Royce akavua kiatu. Akatoa ganda la risasi.

"Binti yangu kaua kulungu wake wa kwanza asubuhi hii. Nilimwahidi nitashinda na ganda la risasi yake mwilini mpaka nirudi nyumbani. Mlangoni wanatukagua mifuko, nikalificha kiatuni."

Nikalinusa. Harufu ilikuwa ile ile.

"Na ulikuwa kimya?" Opal akamwuliza. "Ungetuacha tufe kwa hofu?"

"Niliogopa kufukuzwa."

Nikampigia simu mkuu wetu. Akasikiliza hadi mwisho.

"Labda ni ganda, labda ni mwezi," akasema. "Mtakaa karantini mpaka tujue."

Tulikaa wiki tatu. Hakuna aliyeugua. Royce kazi ikaota mbawa, lakini ganda alitoka nalo. Baadaye nikaja kujua kwamba vumbi la mwezini likishakutana na hewa ya dunia, harufu yake hufa. Hata sanduku lingevuja, pengine nisingenusa chochote.

Jumamosi ile simu ya karantini ililia.

"Dada, nimekusubiri mpaka dereva kaanza kunifokea."

"Nimefungiwa, Leland."

"Nimesikia. Nani alibonyeza?"

"Mimi."

Nikasikia basi likinguruma nyuma yake.

"Ukijua naondoka leo?"

"Nikijua."

"Basi huko niendako," akasema taratibu, "naomba nipate mwenzangu kama wewe."

Ewe unayesoma, ukinusa hatari, sema. Hata kama mwishowe itakuwa ganda tupu. Mimi leo ningebonyeza tena.