Mnyororo wa Blackrigg

Thirza Greenhalgh alisukumwa matopeni mbele ya lango la Blackrigg Jumapili ya kwanza ya Agosti, na mtu aliyemsukuma alikuwa akilipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Kosa lake lilikuwa kutembea. Nyika ile ya mlimani, ambako mababu zake walilisha kondoo na kukata udongo mweusi wa kuwashia moto pasipo kumwomba mtu ruhusa, ilizungushiwa ukuta kwa sheria iliyotungwa na wenye ardhi kwa faida ya wenye ardhi. Ikabaki njia ya miguu tu. Kiangazi kile Bwana Peverill, anayepanda huko siku chache kwa mwaka kuwapiga kwale risasi, akaifunga nayo kwa mnyororo langoni.

"Utawashtua ndege, mama," alisema Tattersall, mlinzi wa kwale, fimbo mkononi.

"Mimi nawashtua! Na bunduki za bwana wako je, zinawabembeleza?"

Alijibu kwa ushupavu, lakini alirudi nyumbani akilia. Ng'ambo ya nyika aliishi baba yake, mzee Enoch, peke yake, macho yamekwisha. Kwa njia ya mlimani Thirza aliweza kwenda kumpikia na kurudi kabla ya giza. Kwa barabara ya kuzunguka, Jumapili nzima isingetosha, na Jumapili ndiyo siku pekee ambayo kiwanda cha nguo kilimwachia.

Kesho yake aliwaeleza wenzake mitamboni. Hakupaza sauti, kwani mitambo ya kufuma hunguruma hata sauti ikawa haina kazi. Wafumaji wa mji wa Hagshaw huumba maneno kwa midomo mitupu, na kusomana toka pembe hadi pembe ya ukumbi. Kufikia mchana, ukumbi mzima ulikuwa umekwisha kuapa kupanda naye.

Jumapili ya tatu wakapanda, umati mkubwa, wakiimba, viatu vya kazini vikigonga mawe. Nyuma ya lango Tattersall alisimama na msimamizi wa shamba, wakinong'onezana. Upepo uliyachukua maneno yao yote. Thirza akakaza macho.

"Watu wako wako wapi?" midomo ya msimamizi ilisema.

"Nimewapeleka lango la juu. Hapa tuko wanne."

"Wakipitia kule chini kijitoni, ambako hakuna ukuta?"

"Tumekwisha, bwana."

Moyo wa Thirza ukaruka. Akamgeukia rafiki yake Ada Ormerod, aliyekuwa mbali upande wa pili, akaumba maneno bila sauti: *Kijitoni. Hakuna mtu.* Ada akampasia jirani yake, na jirani jirani yake. Wimbo ukakatika.

"Jamani, mbona kimya? Tumeshindwa?" aliuliza karani mmoja, mgeni wa mji.

"Kaza kamba za viatu, mwanangu," Ada akamwambia. "Sasa hivi utakimbia."

Umati ukageuka mara moja, ukateremka kijitoni, ukaingia majini, sketi zimekunjwa magotini, watu wakicheka na kuvutana mikono. Tattersall alifika akihema, nao tayari wamo ndani ya nyika, kwale wakiruka huku na huku.

"Nani kawaambia?" alifoka.

"Wewe mwenyewe, mjomba!" Ada akamjibu. "Siku nyingine fuga masharubu!"

Thirza hakungoja kicheko kiishe. Alikimbia, mwanamke wa miaka arobaini na kifua kilichojaa vumbi la pamba, upepo ukimpiga usoni, hadi akaona moshi wa nyumba ya baba yake.

"Nani huyo?" mzee aliuliza mlangoni.

"Mwanao."

"Nilidhani umeolewa tena ukanisahau."

"Nani atanioa na matope haya, baba?"

Wakakumbatiana.

Jumatatu kijito kikawekewa seng'enge. Jumapili iliyofuata mzee Enoch alikaa mlangoni mchana kutwa, na hakuna aliyekuja.

Bwana Peverill, ondoa mnyororo huo, na seng'enge pamoja nao. Nanyi waheshimiwa wa Bunge, ambao kila msimu hualikwa kuwinda kwenye nyika hiyo hiyo, acheni kuutupa kapuni muswada wa haki ya kutembea. Upitisheni kikao hiki, kabla baba wa Thirza hajafa akimsubiri.