Kiporo na Gunia la Kahawa

Kwetu Akheri neno kupasha lilikuwa la jikoni. Unapasha maharage ya jana, unapasha maziwa ya mtoto. Mtu hapashwi. Kwa hiyo asubuhi moja, baridi ya mlimani imeshuka hadi kwenye migomba, mwanangu wa mwisho aliponiambia, "Mama, chai nitakunywa, ngoja nipashe kwanza," mimi niliingia jikoni nikaweka kiporo cha makande motoni. Kilipochemka nikatoka kumwita. Nikamkuta uani anazungusha mabega, anachuchumaa na kuinuka, mikono mitupu.

"Nimekupashia," nikamwambia.

Alicheka hadi akakaa chini. "Mama, napasha mwili. Misuli."

"Misuli nayo ina ukoko?"

Jirani yangu alikuwa ng'ambo ya ua anakatia ng'ombe majani, akasikia yote. Kufikia jioni kijana wangu alikuwa anaitwa Kiporo mpaka barabarani.

Sikumkataza mambo yake yale, maana nilijua kilichompata. Kiwanda cha mjini alikokuwa anafanya kazi kilipunguza watu, naye akapunguzwa. Miaka ile kila mtu aliambiwa ajitafutie. Akaenda sokoni kubeba magunia ya viazi. Siku ya kwanza alitoka kitandani moja kwa moja hadi kwenye gunia, akalinyakua kwa pupa ili wenyeji waone ana nguvu. Kiuno kikagoma palepale. Waliniletea mtu ameinama kama anayetafuta sindano. Nikamkanda kwa maji ya moto na chumvi, nikamshika mkono kwenda chooni, mtu mzima mwenye ndevu. Alikuwa hanitazami usoni. Na mkewe ana mimba.

Alipopona alikutana na fundi mmoja wa Sekei, Mchaga, aliyekuwa na vyuma vya kunyanyua nyuma ya nyumba yake: makopo yamejazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba. Huyo ndiye aliyemwambia, usiguse uzito mwili ukiwa wa baridi. Tembea upate jasho, legeza viungo, nyanyua bomba tupu, halafu kitu chepesi, ndipo uende kwenye uzito wenyewe. Mwanangu akayashika kama mafundisho ya kipaimara.

Wakati huo serikali ilikuwa imeiachia biashara ya kahawa, wanunuzi binafsi wanafungua maghala. Mmoja alifungua lake barabara ya Moshi, karibu na Usa River, akatangaza anataka mpakiaji mmoja. Mimi nilikuwa nauza uji mlangoni pale, kwa hiyo nasimulia niliyoyaona. Wanaume walikuja kujaribiwa asubuhi na mapema. Sharti lilikuwa kubeba gunia la kahawa na kupanda nalo ubao hadi juu ya lori. Ukiliangusha, nenda kwenu.

Msimamizi, kijana wa suruali ya mtumba iliyopigwa pasi, akamnyooshea mwanangu kidole. "Anza wewe."

"Naomba kidogo nipashe, bosi."

Wenzake wakaangua kicheko. "Kiporo bado kimeganda," mmoja akasema. "Mama, hebu mpelekee mkaa."

"Sina muda wa michezo," msimamizi akasema. "Kama hauko tayari kaa pembeni. Nikishapata mtu nimefunga."

Nikamwona mwanangu anaanza kulisogelea gunia hivyohivyo, vidole bado vimekakamaa kwa baridi. Nikaelewa. Aibu ilikuwa inamsukuma kama siku ile ya viazi. Na safari hii kiuno kingeenda, kisingerudi kwa chumvi yangu.

Nikachochea kuni. Nikachota uji katikati ya sufuria, pale unapotokota, nikajaza bakuli hadi ukingoni, nikamkabidhi msimamizi mkononi.

"Kunywa kwanza, baba. Husimamii watu na tumbo tupu."

"Shikamoo, mama. Ila nina haraka."

"Marahaba. Huo haulipiwi. Maliza unirudishie bakuli langu, wateja wanalisubiri."

Mtoto aliyelelewa hamwagi uji aliopewa na mama. Akapuliza. Akaonja, akaunguza ulimi, akapuliza tena. Mwanangu akaacha gunia. Akazunguka ghala kwa mwendo wa haraka, akachuchumaa na kuinuka, akazungusha mabega, akaenda kwenye debe la kokoto lililokuwa mlangoni, akaliinua na kulitua, akaliinua tena. Wenzake wakawa wanaimba, "Kinachemka, kinachemka," mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso.

Msimamizi alipofika nusu ya bakuli akasema, "Haya, Kiporo." Jina lilikuwa limeshamfikia.

Mwanangu akachuchumaa, akalikumbatia gunia, akainuka nalo kwa miguu, akalipandisha begani. Ubao ukapinda. Mimi gunia sikulitazama, nilitazama kiuno. Alilitua taratibu juu ya lori, akashuka amenyooka.

Wengine nao walijaribu, na mmoja alipanda vizuri tu, nisiseme uongo. Lakini msimamizi alimchukua wangu. Alisema huyu hatamletea kesi za wagonjwa.

"Kiuno?" nikamuuliza alipokuja kwenye sufuria.

"Kimenyamaza, mama."

Akajichotea mwenyewe, akaonja, akakunja uso. Uji ulikuwa umeungua chini kwa moto ule niliouchochea. Akaunywa wote. Wateja wengine niliwarudisha, na sufuria niliisugua kwa majivu hadi jioni, ukoko haukutoka.